Neno "moot" kwenye barua za wafadhili: suala bado liko wazi au limeshakwisha?

Karani wa Kamati (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye Kiingereza chao.

Kamati yetu ya maji ina faili lenye nyaraka mbili. Ya kwanza ni barua ya mwanasheria wa mfadhili, yuko Marekani, kaandika: "Since the vehicle has already been sold, the question of who insures it is moot." Ya pili ni ripoti ya mtaalamu wa visima, Mwingereza: "Whether one borehole can serve both villages is a moot point."

Katibu wetu alifungua kamusi, akakuta moot ni jambo linaloweza kujadiliwa, akatafsiri zote mbili hivyohivyo. Matokeo yake mwenyekiti kaitisha kikao Jumamosi, ajenda namba moja ni nani akate bima ya gari. Gari lenyewe tumeshaliuza, lina mwenyewe, sasa hivi linabeba vitunguu. Suala la kisima, ambalo ndilo linatuumiza kichwa, limetupwa kwenye mengineyo.

Nimesema hapa kuna kitu hakijakaa sawa, nikaambiwa mimi ni nani nibishane na kamusi. Hili neno lina maana gani hasa?

Chachandu

Nimekaa siti ya mbele. Kikao cha kujadili bima ya gari la mtu mwingine, posho ipo?

Karani wa Kamati

Ipo mkuu. Ndiyo maana hakuna anayetaka kuuliza maswali.

Mwalimu Mstaafu

Karani, katibu wenu hakusoma vibaya, ila aliishia njiani. Kamusi nyingi za Uingereza huanza na maana ya jambo lenye kubishaniwa, ambalo halijaamuliwa. Angeshuka mstari unaofuata, au angefungua kamusi ya Kimarekani kama Merriam-Webster, angekuta maana nyingine: jambo lililopoteza umuhimu wake, lililobaki la nadharia tu. Yaani neno hilohilo linaweza kukuambia "hebu tulizungumze" na linaweza kukuambia "hakuna cha kuzungumza hapa".

Mwanasheria wa Marekani amesema la pili: gari limeuzwa, swali la bima limekufa, tuendelee na mengine. Mtaalamu wa visima amesema la kwanza: kama kisima kimoja kitatosha vijiji viwili bado ni ubishi, na yeye mwenyewe hana uhakika. Ajenda zenu zimepinduliwa, miguu juu kichwa chini.

BintiMakonde

Naunga mkono hoja. Niongeze tu kwamba si kila Mmarekani na kila Mwingereza anafuata mstari huo. Siku hizi magazeti ya London nayo yanatumia ile maana ya "limekwisha umuhimu", na Mmarekani msomi anaweza kuandika "a moot question" akimaanisha swali linalobishaniwa. Kwa hiyo usitazame pasipoti ya mwandishi peke yake. Tazama sentensi.

Mtoto wa Mjini

Mimi nilijua ni "mute point", yaani hoja iliyonyamazishwa. Na nimeshaiandika kwenye barua za kazi.

Mwalimu Mstaafu

Hata wenye lugha yao wanateleza hapo. Ni maneno mawili tofauti. Moot inatamkwa "muut", inakwenda sambamba na boot. Mute ni "mjuut", bubu, au kile kitufe cha kuzimia sauti kwenye rimoti. Na huo utelezi una sababu: aliyezoea maana ya Kimarekani anasikia "hoja isiyo na haja ya kusemwa", akili inamtuma kwenye ububu. Lakini kwa maandishi ni kosa.

Chachandu

Sasa mwalimu, neno moja linawezaje kubeba maana mbili zinazopigana? Walikaa wapi wakakubaliana ujinga huu?

Mwalimu Mstaafu

Kukaa ndiko kulikoanzisha yote, Chachandu. Kwa Kiingereza cha kale gemot ni mkutano. Kabla Wanormani hawajavamia Uingereza mwaka 1066, utawala wa nchi ile ulikuwa wa mikutano. Kulikuwa na eneo dogo lililoitwa hundred, kama tarafa hivi, na sheria za karne ya 10 zilitaka watu wake wakutane kila baada ya wiki nne kusikiliza mashauri. Juu yake kulikuwa na shire, tuseme mkoa, mkutano wake ukikaa mara mbili kwa mwaka. Mfalme naye alikuwa na witenagemot, mkutano wa wenye hekima, ingawa wengi wao walikuwa wakubwa wenye ardhi na maaskofu, hekima sijui.

Baadhi ya majengo ya mikutano bado yanaitwa Moot Hall. Lipo moja pale Aldeburgh, pwani ya mashariki ya Uingereza, la karne ya 16. Lilijengwa katikati ya mji, bahari ikala mitaa ya mbele yake, leo linatazamana na ufukwe. Halmashauri ya mji bado hukutana humo.

Kisha wanasheria wakalichukua neno. London kuna vyama vinne vya mawakili vinavyoitwa Inns of Court: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple. Zamani ndivyo vilivyokuwa vyuo vya sheria. Wanafunzi walipewa kesi ya kubuni, wakaigombania mbele ya wakubwa wao waliokaa benchi, na mpaka leo wakubwa wa vyama hivyo wanaitwa benchers. Zoezi hilo liliitwa moot. Kesi ya kufanyia zoezi ikaitwa moot case, na kufikia karne ya 16 moot ikawa imesimama yenyewe kama kivumishi.

Sasa tazama mambo yalivyogawanyika. Kesi ya kwenye moot ilikuwa na sifa mbili kwa wakati mmoja. Kwanza ilikuwa ngumu, pande zote zina la kusema, kwani isingekuwa ngumu ingewafundisha nini wanafunzi? Pili ilikuwa ya uongo, ukishinda au ukishindwa hakuna anayelipa fidia wala anayefungwa. Waingereza wakashika sifa ya kwanza, neno likawa "lenye kubishaniwa". Wamarekani, hasa kuanzia karne ya 19, wakashika ya pili, likawa "lisilo na matokeo yoyote". Wote wamechota kisima kimoja, hakuna aliyekosea.

Pwani Hadi Bara

Mwalimu umenikumbusha baraza. Baraza kwetu Unguja ni lile benchi la mawe nje ya nyumba, watu wanakaa jioni. Kutoka hapo likawa mazungumzo yenyewe, likawa kikao cha wazee, leo tuna Baraza la Mawaziri na Baraza la Wawakilishi. Tofauti ni kwamba la kwetu limepanda cheo, lao limeishia kuwa jambo lisilo na maana.

Mwalimu Mstaafu

Kuna mabaraza ya kwetu pia yaliyofika huko huko, lakini tusitoke nje ya mada.

Wakili wa Ng'ambo

Salamu kutoka upande wa pili wa Namanga. Nimefanya kazi ya korti kwa muda, wacha niongeze upande wa sheria maana hapo ndipo neno hili lina makali.

Katiba ya Marekani, ibara ya tatu, inazipa mahakama za shirikisho mamlaka juu ya kesi na migogoro tu. Majaji wakaisoma hivi: kama hakuna mgogoro ulio hai, sisi hatuna kazi. Kesi ya kale inayoonyesha jambo hili ni Mills v. Green ya mwaka 1895. Mpiga kura mweusi wa South Carolina alikwenda kortini kupinga sheria za uandikishaji zilizomzuia kupiga kura katika uchaguzi wa wajumbe wa kongamano la kubadili katiba ya jimbo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, uchaguzi ulikuwa umeshafanyika na kongamano limeshakaa. Mahakama ikasema kazi yake ni kuamua ugomvi halisi kwa hukumu inayotekelezeka, si kutoa maoni juu ya "moot questions or abstract propositions". Angalieni neno lilivyofungwa nira na "abstract". Halizungumzii tena ubishi, linazungumzia hewa.

Na angalieni nani aliumia. Yule bwana alinyimwa kura, akaenda kortini kabla, korti ikachelewa, kisha akaambiwa umechelewa. Ndiyo maana mimi neno hili silipendi.

Mbeba Boksi

Niko Minnesota. Huku hata mtu wa ghala analitumia. Bosi akisema "it's moot", maana yake achana nalo, songa mbele. Sijawahi kusikia Mmarekani wa kawaida akilitumia kwa maana ya "tujadili". Ukimwambia "let's discuss it, it's moot" atakuona umechanganyikiwa.

BintiMakonde

Wakili, swali. Korti ikisema suala ni moot, je, imelijibu au imelikwepa?

Wakili wa Ng'ambo

Swali zuri sana dada, na ndipo wengi wanapotea. Imelikwepa. Kutangaza kesi ni moot si kusema upande fulani una haki. Swali linabaki bila jibu, linangoja mtu mwingine alilete likiwa hai.

Mfano uliozoeleka ni DeFunis v. Odegaard. Marco DeFunis aliomba kusoma sheria Chuo Kikuu cha Washington, akakataliwa, akashtaki kwamba utaratibu wa kuwapokea waombaji wa jamii za wachache ulimbagua yeye mzungu. Korti ya chini ikaamuru aingie darasani wakati kesi ikiendelea. Kesi ikapanda ngazi polepole. Ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1974, jamaa alikuwa muhula wa mwisho wa mwaka wa tatu, na chuo kimeshasema atamaliza vyovyote itakavyokuwa. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema: moot. Wale wanne walilalamika kwamba swali hili litarudi tu. Likarudi. Mwaka 1978 likaja na kesi ya Bakke kutoka California, safari hiyo ikabidi waliamue.

Kuna mlango wa dharura pia. Mambo mengine kwa asili yake ni mafupi kuliko kesi. Katika Roe v. Wade ya 1973, kesi ya haki ya kutoa mimba, mahakama ilisema mimba huchukua siku 266, na rufaa haiwezi kwisha ndani ya muda huo, hivyo kila mwanamke angekuta kesi yake imekufa kabla ya kusikilizwa. Wakatumia kanuni ya tangu 1911: jambo linaloweza kujirudia huku likikwepa kusikilizwa litaamuliwa hivyohivyo. Hukumu ya Roe ilitenguliwa 2022 kwa sababu nyingine, lakini kanuni hii ya siku za mimba bado inafundishwa.

Chachandu

Kwa hiyo mahakama inaweza kukuchelewesha halafu ikakwambia umechelewa. Na mimi nilidhani ni huku kwetu tu.

Mtoto wa Mjini

Mahakama za huku zinalitumiaje?

Wakili wa Ng'ambo

Sisi tulirithi Kiingereza cha mahakama za Uingereza, na kule jaji husema zaidi "academic", yaani la nadharia tu. Ipo kesi ya Salem, House of Lords (wakati huo ndiyo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza), 1999: mwomba hifadhi alikuwa akidai posho yake iliyokatwa, kabla rufaa haijasikilizwa akawa ameshatambuliwa kama mkimbizi. Majaji walisema wana hiari ya kusikiliza jambo la "academic" likihusu sheria ya umma, ila waitumie kwa tahadhari, na kwake hawakuisikiliza.

Huku kwetu wakili atakuambia "overtaken by events", au kwamba korti isijiingize katika "academic exercise". Moot nayo imeingia, tena kwa maana ya Kimarekani, kwa sababu wote tunasoma hukumu za kila nchi. Lakini wakili huyohuyo anayemwambia jaji kwamba ombi ni moot, alipokuwa chuoni alikuwa bingwa wa moot court, yale mashindano ya kesi za kubuni. Mashindano ya Afrika ya haki za binadamu yanayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria yapo tangu 1992, na yale ya Jessup ya sheria za kimataifa tangu 1960. Huko moot ni heshima, mtu anaiweka kwenye wasifu wake. Kortini ni kifo cha kesi.

Karani wa Kamati

Nimeelewa historia, asanteni. Ila mimi si wakili wala mwalimu. Nikikutana na sentensi nitajuaje ni maana ipi?

BintiMakonde

Nafanya kazi ya kutafsiri, nitakupa ninavyofanya mimi.

Tazama vitenzi vilivyo jirani. Ukiona make, render au become, kwamba jambo fulani limefanya suala kuwa moot, hiyo ni maana ya "limekwisha" karibu mara zote. Tukio linaweza kuua umuhimu wa swali, lakini si kawaida kusema tukio limelifanya swali "lijadilike". Ukiona now au since au already karibu nalo, maana ni hiyohiyo. Sentensi yako ya gari inaanza na since na ina already ndani yake. Imejitafsiri yenyewe.

Ukiona "remains moot" au "it is moot whether", mara nyingi ni ubishi uliobaki wazi. Sentensi ya kisima ina whether. Kisha soma kinachofuata. Mwandishi akiendelea kutoa sababu za pande mbili, anabishana. Akihamia mada nyingine, amelizika.

Tatizo ni "a moot point" ikiwa peke yake bila maelezo. Hapo hakuna ujanja, mwandikie aliyeandika umuulize. Wafasiri tunaona aibu kuuliza, tunadhani tutaonekana hatujui lugha. Bora kuuliza kuliko kamati nzima kupanda gari la vitunguu.

Mtoto wa Mjini

Ngoja niwajaribu. Hii nimeitoa kichwani: "His resignation made the vote of no confidence moot."

BintiMakonde

Made. Amejiuzulu, kura ya kutokuwa na imani haina tena kazi.

Mtoto wa Mjini

"It is moot whether the treaty ever bound the islands."

BintiMakonde

Whether. Inabishaniwa kama mkataba ule uliwahi kuvifunga visiwa. Hii ni ya mwanahistoria wa Kiingereza, nakuona unaiga.

Mtoto wa Mjini

"The plan was first mooted last year."

Mwalimu Mstaafu

Hapo umeleta mtego mwingine kabisa, safi. Hicho ni kitenzi. To moot ni kuleta wazo mezani kwa mara ya kwanza. Mpango ulipendekezwa mwaka jana, basi. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, Kampala na Dar yanakipenda sana kwa sababu ni kifupi, kinaingia kwenye kichwa cha habari. Nimekutana na watu wanaosoma "the mooted tax" wanashangilia kwamba kodi imefutwa. Haijafutwa ndugu zangu. Imependekezwa. Jiandaeni.

Wakili wa Ng'ambo

Na ili usiku usiwe mfupi: Mmarekani wa kortini anasema "the repeal mooted the case", maana yake kufutwa kwa sheria kumeiua kesi. Kwa hiyo hata kitenzi kimegawanyika vilevile. Gazeti: mooted ni kuzaliwa. Hukumu ya Marekani: mooted ni kuzikwa.

Chachandu

Hii lugha iliteuliwaje kuwa ya biashara duniani?

Pwani Hadi Bara

Usishangae, hata table iko hivyo. Uingereza to table ni kuleta jambo lijadiliwe. Marekani ni kuliweka kando. Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa Uingereza walitaka kuwasilisha waraka haraka wakasema wanataka kuu-table. Wamarekani wakapinga kwa nguvu wakidhani wenzao wanataka kuuficha. Wakabishana muda mrefu kabla ya kugundua wote wanataka kitu kilekile. Bunge letu limefuata Uingereza, ndiyo maana tuna hati za kuwasilisha mezani.

Dogo wa Tandale

Wazee mmesahau moja. Kwenye X moots ni watu mnaofuatana, wewe unamfuata naye anakufuata. Imekatwa kutoka mutual. "Any moots online?" si kikao wala kesi.

Mwalimu Mstaafu

Asante mjukuu. Hiyo ningeitafsiri "hoja zipo mtandaoni?" na ningepata sifuri.

Karani wa Kamati

Sasa Kiswahili chake. BintiMakonde, ile ya gari ningeandika "suala la bima limepitwa na wakati". Imekaa sawa?

BintiMakonde

Kwa barua ya kamati inaeleweka. Kwa hati ya kisheria mimi siiandiki hivyo. Tangu sheria ya marekebisho ya mwaka 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, misemo kama hii inasomwa kwa jicho kali zaidi. "Shauri limepitwa na wakati" mwanasheria atalisoma kama shauri lililofunguliwa nje ya muda, yaani ukomo wa muda umepita. Hilo ni jambo jingine kabisa. Aliyechelewa kufungua shauri amekosea yeye. Shauri lililo moot linaweza kuwa lilifunguliwa siku ileile, ila dunia imesonga.

Ninachoandika ni "limepitwa na matukio", au kwa urefu kidogo, "hakuna tena kilichobaki cha kuamuliwa". Kwa maana ya Kiingereza cha Uingereza ninaandika "bado linabishaniwa" au "halijapata jibu". "Linajadilika" silipendi. Ni kweli lakini halisemi kitu, kila jambo linajadilika ukikaa na watu wenye muda.

Wakili wa Ng'ambo

Hapo kwenye ukomo wa muda umegusa mahali penyewe. Nimeona tafsiri ambazo zingebadili matokeo ya rufaa kwa neno moja hilo. Huku kwetu korti za Kiswahili ni za chini zaidi, lakini tatizo litatufikia.

Mbeba Boksi

Mimi ushauri wangu kwa wanaoandika Kiingereza cha kazi: usilitumie kabisa. Ukitaka kusema limekwisha, andika "no longer matters". Ukitaka kusema linabishaniwa, andika "still disputed". Nani atakunyang'anya mkate kwa kukosa moot?

Mwalimu Mstaafu

Kwa kuandika nakubaliana nawe. Kwa kusoma hutaweza kulikwepa. Na wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia: kwenye insha "a moot point" ni salama ukifuatisha sababu za pande zote mbili papo hapo, msomaji hawezi kukuelewa vibaya hata akitaka.

Profesa wa Kijiweni

Mnapoteza muda. Maana halisi ya neno ni ile ya zamani. Gemot ni mkutano, kwa hiyo moot ni jambo la kupeleka mkutanoni. Wamarekani wameliharibu. Kikao cha Karani kiko sahihi kiasili.

BintiMakonde

Kaka, kwa kanuni hiyo safari ni ya Kiarabu, kwa hiyo nasi tuulize Waarabu kabla ya kusafiri. Maana ya neno iko kwa wanaolitumia leo. Barua imeandikwa na Mmarekani, mwaka huu, kuhusu gari lililouzwa. Witenagemot wanaingiaje hapo?

Profesa wa Kijiweni

Nimetoa maoni tu dada, usinikate kichwa.

Karani wa Kamati

Nimempelekea mwenyekiti maelezo ya BintiMakonde kama yalivyo. Amesoma, amecheka kidogo, kisima kimepanda kuwa ajenda ya kwanza. Katibu amenuna lakini ameomba jina la hiyo kamusi ya Marekani.

Kabla sijafunga faili nimekuta barua ya tatu, ya mkandarasi wa Nairobi: "The date mooted for trenching is 14 June." Vijana wameshanunua majembe. Imefutwa au?

Wakili wa Ng'ambo

Huyo ni wa kwetu, anaandika kama gazeti. Haijafutwa. Haijakubaliwa pia. Ni tarehe ambayo mtu ameitaja tu kikaoni.

Mwalimu Mstaafu

Andika hivi: "Tarehe iliyopendekezwa kuanza kuchimba mtaro ni 14 Juni." Halafu mpigie simu umuulize ni nani aliyeipendekeza, na kama mabomba yatakuwa yamefika.